Mtani Alipwe kwa Shilingi

Maili Moja, Kibaha
9 Juni 2025

Mtani wangu Swaumu,

Salamu sikupi, maana mtu aliyenidhulumu hasalimiwi. Mke wangu Stellamaris ndiye anayekusalimu, na anakupa pole tena kwa msiba wa mdogo wako. Yeye ana moyo laini, mimi nina madai.

Siku ile ya kumzika Twalibu nilifanya kazi yangu kama Mnyamwezi anayejiheshimu. Jeneza lilipotoka ndani nikajilaza kwenye vumbi pale penye mlango wa ua, nikatangaza kuwa maiti ya Mzaramo haipiti mpaka mtani alipwe. Watu wakacheka, hata wale waliokuwa wanalia. Ndivyo tunavyozikana ninyi na sisi tangu enzi za babu zetu. Ukachomoka katikati ya wanawake, ukanitia bahasha mkononi, nikainuka, nikajipangusa, nikasema, "Pita, ndugu yetu." Wanaume wakambeba wakaenda naye.

Sasa bahasha nimeifungua. Ariari za Madagaska! Rupia za Shelisheli, rupia za Morisi, metikali za Msumbiji. Mtani, mimi ni bwana mifugo mstaafu, nina duka la dawa za kuku na ng'ombe, sina meli. Nilizipeleka Kariakoo kwenye duka la kubadilishia fedha, yule kijana wa dirishani akazigeuzageuza kama mtu anayekagua samaki, akaniambia, "Mzee, hapa tunachukua dola, yuro na pauni. Hizi wapelekee wenyewe." Foleni nzima ikanicheka. Na siku hizi hata serikali imekataza watu kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini, kwa hiyo umenitia hasara na kesi juu yake.

Hayo ni ya utani wetu. Kilichonifanya nishike kalamu ni kingine. Nakuandikia kwa sababu simu hupokei, na kwa sababu jambo lenyewe si la kusemwa kwa sauti hapa barabarani, watu wakalisikia.

Twalibu anakuja dukani kwangu. Anakuja mchana, saa saba, jua likiwa utosini na wateja wamekwenda kula. Anasimama mlangoni amevaa sare yake ya melini, shati jeupe na kibao cha jina kifuani. Haingii. Ananiuliza kama nina chenji. Nikisema sina, anageuka anaondoka.

Unajua maana yake. Nilimfungulia njia kwa malipo yasiyo malipo, na njia haikufunguka. Nitumie pesa ya hapa, shilingi, hata noti moja. Mpe binti yako Naila, maana kila Jumatatu anarudi huku Kibaha kazini. Nitasema upya ninachopaswa kusema, kijana akapumzike.

Ni mimi uliyenidhulumu,
Bernard


Vihingo, Kisarawe
15 Juni 2025

Kwa mbeba mizigo Bernard,

Barua yako Naila ameileta. Nimeisoma nimekaa jikoni, nikacheka, halafu kicheko kikakatika.

Kwanza hiyo simu. Simu sipokei kwa sababu nimeichoka. Miaka tisa mdogo wangu alikuwa sauti ndani ya simu. "Dada, leo tuko Morisi, mvua inanyesha." "Dada, mkataba huu ukiisha narudi." Mkataba unaisha, anatia sahihi mwingine. Nilimlea mimi, unajua, tangu mama alipofariki naye bado ananishika kanga nikienda kisimani. Nikamsomesha kwa korosho za shamba hili hili, meli ikaja ikamchukua. Alipokuja kurudi alirudi na ugonjwa. Akakaa nami wiki chache, nyingi akiwa amelala, akafa. Kwa hiyo ya simu niachie.

Sasa unasema anakuja kwako. Kwako! Una nini wewe cha kumwita? Mlango wa chumba chake mimi siufungi. Nikipika wali nampakulia, halafu nawamwagia kuku. Mchana kutwa nakaa barazani nimeelekea njia, hata kivuli chake sijakiona. Halafu unaniambia amekwenda mpaka Kibaha kumwomba Mnyamwezi chenji.

Niambie vizuri, mtani, acha mzaha. Amekonda vile vile, au mwili wake umerudi? Miguu bado imevimba? Anakohoa? Ananitaja?

Pesa sitoi kwanza. Nijibu nilichokuuliza.

Shikamoo nayo nimekunyima,
Swaumu


Maili Moja, Kibaha
23 Juni 2025

Mtani Swaumu,

Amekuja tena. Mwili wake umerudi, miguu iko sawa, hakohoi. Hakutaji. Sipendi kukuumiza, lakini umeniuliza. Hakutaji kwa sababu kinachomshughulisha ni ile chenji tu.

Juzi alisimama kidogo zaidi, akanieleza kazi yake. Anasema kabla meli haijafika nchi mpya, abiria walikuwa wanapanga mstari kwenye dawati lake kumuuliza wabadilishe kiasi gani. Yeye anawaambia kidogo tu: ya teksi, ya maji ya kunywa, ya kikapu kimoja sokoni. Ombeni noti ndogondogo, muuzaji wa barabarani hana chenji ya noti kubwa. Na sarafu zimalizeni huko huko kabla ya kupanda meli, maana nchi ya kesho haizijui. Wapo wasiosikia. Wanarudi jioni mifuko imejaa, wanataka wabadilishiwe, naye anawaambia, "Samahani, sarafu haturudishi." Wazee wazima wanataka kulia kwa sababu ya sarafu.

Kijana aliyekuwa akiwaambia watu hivyo, leo ndiye anayezunguka na pesa isiyotumika. Hilo halikuumi?

Na mimi nikuulize jambo. Siku ile ya mazishi baba yenu mdogo, Mzee Abdulkadiri, alikuwa tayari ana noti ya elfu kumi mkononi, amenyoosha kunipa. Nilimwona. Ukamtangulia mbiombio na bahasha yako. Shilingi zilikuwepo, Swaumu. Ulikuwa na haraka ya nini?

Tuma noti moja, yaishe.

Bernard


Vihingo, Kisarawe
29 Juni 2025

Bernard,

Ulikuwa umelala kwenye vumbi, umejifanya maiti wa pili, na bado uliiona noti ya Baba Mdogo. Una macho ya mwizi wa kuku.

Basi sawa. Nilifanya makusudi.

Bahasha ile niliitoa kwenye begi lake alfajiri, tulipokuwa tunasubiri waoshaji. Wakati anaumwa alinionyesha zile noti moja moja, akaniambia, "Hizi, Dada, ukivuka geti la bandari yao tu zinakuwa karatasi." Nilikumbuka maneno hayo. Nikajisemea, nikimlipa mtani kwa karatasi, njia haitafunguka, naye atabaki hapa hapa nyumbani. Sikuwa na nia mbaya kwa mtu. Nilitaka akae, kwa sababu maisha yake yote hakukaa.

Nikajiona mjanja. Nikafagia chumba chake, nikatandika, nikasubiri. Kumbe nimemfungia nje, akaenda kusimama kwenye mlango wa mtu mwingine. Hilo ndilo linaloniuma, si noti.

Jumamosi nakuja. Nitakaa dukani kwako mpaka hiyo saa saba. Akija na mimi nipo, tutajua la kufanya. Usiniambie nisije.

Swaumu


Vihingo, Kisarawe
6 Julai 2025

Mtani Bernard,

Leo shikamoo nakupa. Ipokee haraka kabla sijabadili mawazo.

Asante kwa jana. Mwambie Stellamaris asante kwa ndizi na nyama ambazo sikuzigusa, asidhani ni dharau. Na wewe, zaidi ya yote, asante kwa kunyamaza. Ulivyoiinamia mizani yako ukijifanya unapima dawa ya minyoo, ulivyowahudumia wateja kwa sauti ya chini usitukatize, nilikuheshimu. Sikujua kuwa Mnyamwezi ana adabu.

Sikumwona akiingia. Nilikuwa naangalia barabarani, mabasi ya Morogoro yanapita. Nilipogeuka, yuko amekaa juu ya lile gunia la pumba, begi lake miguuni. Kitu kimoja tu ulikosea: hakuwa na sare. Alikuwa na lile shati la drafti nililomnunulia aliporudi, lililokuwa likimpwaya kwa ugonjwa. Sasa linamkaa.

Nikamwita, "Twalibu." Akaniitikia, "Dada Swau." Hakuna mwingine duniani aliyeniita hivyo.

Nilimuuliza, nchi zote zile, mdogo wangu, zikoje? Miaka tisa nilikuwa namwonea wivu, nikiwa huku nalima mihogo. Akacheka kidogo, akasema, "Sizijui, Dada. Mimi nilikuwa kwenye dawati. Meli ikifunga gati, wao wanashuka na pesa nilizowabadilishia, jioni wanarudi na vikapu na chenji. Noti zao nilizijua hata nikifumba macho, ipi ina ndege, ipi ina ng'ombe. Embe la kwao sikuwahi kununua."

Basi nikalia, wewe ukapitisha kopo la dawa kwa mteja kana kwamba hukuona. Asante kwa hilo pia.

Halafu akaniambia jambo lenyewe. Alisema huko mbele anaulizwa amelipiwa nini. Akionyesha, anaambiwa haitumiki. Akirudi nyuma, na huku hazitumiki. Hakulalamika, alisema kama mtu anayeeleza ratiba. Mwisho akaniangalia, akasema, "Dada, nilipie."

Sikumjibu. Nikamuuliza kama ana njaa. Nilipoinama kufungua kikapu changu nimpe andazi, akawa hayupo.

Nitalipa, mtani, sikatai. Lakini si sasa. Miaka tisa ameninyima, nimempata kwa muda wa mtu kunywa soda. Nitakuja tena, na tena, mpaka nishibe maneno yake. Wewe endelea tu kupima dawa zako.

Swaumu


Maili Moja, Kibaha
10 Julai 2025

Swaumu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Utani nauweka pembeni. Nisikilize.

Mimi sijawahi kumwona Twalibu. Si Jumamosi, si kabla yake, si siku yoyote tangu tulipomzika. Nilitunga. Ile sare niliijua kwa picha iliyoko ukutani kwako. Ile habari ya abiria na sarafu alinisimulia mwenyewe nilipokuja kumjulia hali, wewe ukiwa shambani. Niliona siku ya mazishi ulivyomtangulia Baba Mdogo na bahasha, nikafahamu, huyu hataki kuachia. Sasa mtani kazi yake ni nini? Ndiye anayeruhusiwa kuwachekesha wafiwa na kuwakaripia mpaka waachie. Nikajua nikikwambia moja kwa moja utanifukuza. Nikasema nikutishe kidogo, utume noti moja, moyo wako ukubali kuwa umelipa, basi. Sikudhani kuna lingine.

Jumamosi nilikuona unaongea na gunia. Sikunyamaza kwa adabu, nilinyamaza kwa hofu. Nilidhani uchungu umekuzidi, na kwamba mimi na uongo wangu ndio tumekufikisha hapo. Nusura nimuuzie mtu dawa ya ng'ombe badala ya ya kuku.

Lakini ngoja nikwambie lililobaki, kwa sababu sasa siwezi kulificha. Ulipoondoka nilikwenda pale kwenye gunia. Lilikuwa limebonyea katikati, na hakuna mteja aliyelikalia siku hiyo. Nikaweka mkono. Lilikuwa la baridi, Swaumu, kama kitu kilichotolewa kisimani. Saa nane mchana, chini ya bati, Kibaha.

Zile noti nilikuwa nimezitupia kwenye droo ya pesa. Nimezihamishia dirishani, sitaki zilale pamoja na pesa zangu. Stellamaris ananiuliza kwa nini siku hizi saa saba natoka kukaa nje juani. Namwambia napunga upepo. Hakuna upepo.

Sijui nilifungua nini kwa mdomo wangu. Najua tu kuwa alikuomba, na hukumjibu. Nakusihi, si kwa utani: nilipe. Usije tena.

Bernard


Vihingo, Kisarawe
27 Julai 2025

Mtani wangu Bernard,

Kuhusu uongo wako, nilihisi tangu mwanzo. Sare ile aliiacha huko huko melini. Aliniambia hataki hata kuiona kwenye kamba ya nguo. Uliponiandikia kuwa anakuja ameivaa, nikajua unatunga. Lakini nilitaka sana iwe kweli, na mtu akitaka sana jambo hana maswali. Kwa hiyo sikukasirikii. Ulimwita kwa maneno yako, mimi nikaja nikakaa, naye akaja. Tumemleta wote wawili.

Uliniambia nisije. Nilikuja, tena mara mbili, siku zile ulipokuwa Magindu unachanja ng'ombe wa watu. Stellamaris alinifungulia duka, akaniachia benchi. Usimgombeze, nilimwambia nina safari ya mjini na napumzika jua lipungue.

Mara ya kwanza alikuja, alinijua, lakini maneno yalikuwa yamepungua. Nilimkumbusha mambo ya utotoni. Nilimkumbusha alivyoanguka kwenye mkorosho wa Mzee Mwishehe akajifanya amezimia ili asichapwe. Alikuwa anapenda sana hadithi hiyo, hata alipokuwa mgonjwa kitandani aliniomba niirudie. Safari hii alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akasema, "Ni hadithi nzuri." Alisema kama vile ni ya mtu mwingine.

Nikarudi nyumbani nikajiambia amechoka tu. Nimejidanganya hivyo wiki nzima.

Mara ya pili ni juzi Ijumaa. Alikuwa ameshafika kabla yangu. Hakuwa juu ya gunia. Alikuwa nyuma ya meza yako ya kuuzia, pale unaposimama wewe, na zile noti ulizoziweka dirishani alikuwa amezipanga mbele yake mafungumafungu. Bernard, alikuwa amevaa sare. Shati jeupe, kama ulivyoandika. Kibao kilikuwa kifuani, na hakikuwa na jina.

Nikamwita. Akainua macho akatabasamu, tabasamu safi, lile wanalofundishwa melini. Akaniambia, "Karibu, mama. Unashuka bandari ya kesho?"

Nikasema, "Twalibu, ni mimi. Dada Swau."

Akasema, "Nakushauri ubadilishe kidogo tu, mama. Ya teksi, ya maji ya kunywa, na ya kikapu kimoja. Omba noti ndogondogo. Sarafu uzimalize kabla ya kurudi melini, kwa sababu haturudishi." Sauti yake ilikuwa nzuri, ya upole, haina mtu ndani. Nikalia mbele yake, akasubiri nimalize, akasema, "Samahani, mama. Nyuma yako kuna watu wanasubiri."

Niligeuka. Duka lilikuwa tupu.

Nilivyotoka pale sikumbuki. Nakumbuka nipo Maili Moja barabarani, konda ananiuliza naelekea wapi. Nilitaka abaki na mimi. Nilifikiri nikimzuia, atakayebaki ni Twalibu, yule mtoto wangu. Sasa naona Twalibu ananiishia kila siku ninayomzuia, na kitakachobaki ni lile dawati. Miaka tisa meli ilimkalisha pale, na mimi dada yake ndiye niliyemrudisha akakae tena, hata baada ya kufa. Nimeshindwa kula tangu Ijumaa.

Ndani ya barua hii kuna shilingi elfu kumi. Ni ya mihogo niliyoing'oa mwenyewe na kuiuza mwenyewe, haina mkono wa mtu mwingine. Hesabu kuwa umelipwa na Swaumu, dada wa marehemu, kwa pesa ya nchi aliyozaliwa.

Ukiipata tu usichelewe, hata siku moja. Simama mlangoni, useme ulichosema siku ile, na useme kwa nguvu. Ututukane kwanza kama ilivyo desturi, useme Wazaramo tunauza mashamba tukacheze ngoma, useme lolote. Alipokuwa mzima utani wako ulikuwa unamchekesha mpaka anashika mbavu. Labda akisikia atajikumbuka, aende akiwa yeye.

Mimi sitakuja. Nikija nitamshika tena, najijua.

Dada yake,
Swaumu


Maili Moja, Kibaha
28 Julai 2025

Mtani wangu Swaumu,

Naila aliniletea barua asubuhi kabla hajaingia ofisini. Niliisomea hapo hapo mlangoni. Niliposoma habari ya meza yangu nikashindwa kuingia dukani kwangu mwenyewe. Nikamwita Stellamaris akatazame kwanza. Akaniambia zile noti ziko mezani, zimepangwa, akaniuliza kama ni mimi niliyezipanga. Nikasema ndiyo.

Nilingoja mpaka saa saba. Wakati huo kuna mama mmoja alikuwa amesimama pale mlangoni, mgeni, simjui, anakagua vyombo vya kunywea vifaranga. Nilitamani aondoke, lakini uliniambia nisichelewe. Basi nikasimama nyuma ya gunia la pumba, nikaishika noti yako juu kila mtu aione, nikaanza kuwatukana. Nikasema Wazaramo hamna kazi, mashamba mmeuza, minazi mmeinywa, na sasa mnataka mpaka marehemu wenu alindwe na Mnyamwezi bure. Nikasema Swaumu ana mkono mgumu kuliko gogo la mpingo, imebidi nimbane miezi miwili ndipo atoe elfu kumi. Nikasema na wewe, Twalibu, umetembea dunia nzima hukuniletea hata kofia. Yule mama akawa ananitazama kama mtu anayetafuta njia ya kukimbia.

Nikasema, "Nimelipwa. Nimelipwa na dada yako, kwa shilingi, na shilingi hapa inatumika. Pita, ndugu yetu."

Sikuona kitu, Swaumu. Sitakudanganya tena. Nilikaza macho mpaka yakaniuma na sikuona kitu chochote.

Ila yule mama alijivuta pembeni, akakusanya gauni lake, akaegemea mlango kama tunavyompisha mtu mwenye mzigo. Halafu akarudi pale pale akaendelea na vyombo vyake. Nikamuuliza, "Mama, umempisha nani?" Akanishangaa. Akasema, "Si yule kaka mwenye begi? Mwenye shati la drafti. Alikuwa anacheka peke yake, nikadhani unamtukana yeye."

Alivaa la drafti, mtani. Na alikuwa anacheka.

Nilifunga duka, nikakaa chini pale pale sakafuni. Unajua kanuni zetu: kwenye msiba wenu mimi nina ruhusa ya kulala njiani, kuiba sufuria la wali na kumtukana sheikh, lakini kulia siruhusiwi, mtani akilia anatozwa faini na wafiwa. Leo nimelia mpaka Stellamaris akaita majirani. Njoo unitoze, Swaumu. Nitalipa kiasi chochote utakachosema.

Bernard